Umeagiza spea maalum za gari la porini? Uliza 'wiki sita' zinaanza kuhesabiwa lini

Unaijua ile furaha. Umetazama video hadi saa nane usiku, umepiga hesabu mara kumi, umejinyima mitoko ya wikendi, na hatimaye umetuma pesa. Springi nzito za kuinua gari, bampa ya chuma yenye nafasi ya winchi, labda na keria ya kubebea hema. Muuzaji anakujibu fasta: "Karibu sana boss. Wiki sita tu, mzigo uko kwako."

Wiki ya sita inafika. Kimya. Wiki ya nane unauliza, unaambiwa mzigo uko njiani. Wiki ya kumi na mbili unauliza tena, unaambiwa "wiki ijayo bila kufeli". Ukifika hapo, karibu chamani. Mimi ni mwanachama wa kudumu.

Mwaka 2024, mimi na mabeste wangu wawili tulichanga pesa tukanunua Land Rover Defender 110 iliyokula chumvi. Mpango ulikuwa mwepesi: tuiimarishe, kisha tuikodishe pamoja na dereva kwa watu wa Nairobi wanaopenda kupiga kambi Magadi, Samburu au Turkana msimu wa Desemba. Mmoja wetu alichukua mkopo wa Sacco. Mwingine aliuza pikipiki yake. Kufikia Septemba tulikuwa na wateja wanne waliokwisha kutuma malipo ya awali kwa M-Pesa.

Springi na bampa tuliziagiza wiki ya mwisho ya Julai kupitia muuzaji wa hapa Nairobi, naye akaziagiza Uingereza. Tuliahidiwa wiki sita. Zilifika gereji tarehe 23 Desemba. Fundi wetu alikuwa ameshapanda matatu kwenda ushago kula Krismasi, na simu yake ilikuwa imezimwa hadi Januari.

Wateja wote wanne tuliwarudishia pesa zao. Mkopo wa Sacco haukungoja.

Mzigo hukwama wapi?

Kabla ya kumwita muuzaji wako tapeli, elewa jambo moja. Spea ya kawaida na spea maalum ni vitu viwili tofauti. Ile ya kawaida iko kwenye rafu. Ukienda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, unatoka nayo mkononi siku hiyo hiyo. Spea maalum, siku unayolipa, bado haipo duniani. Ni chuma ambacho hakijakatwa.

Viwanda vingi vinavyotengeneza bidhaa za aina hii ni vidogo, na havitegi mashine kwa ajili ya bampa moja. Husubiri maagizo yafike idadi fulani, kisha hukata yote kwa mkupuo. Tulipokuja kuchimbua mambo, tuligundua kwamba wiki saba za kwanza hakuna chochote kilichokuwa kimefanyika. Muuzaji wetu alikuwa anasubiri wateja wengine walipe ndipo atume agizo lote pamoja. Zile "wiki sita" zilikuwa za kweli, ila zilianza kuhesabiwa siku kiwanda kilipopokea pesa. Sisi tulihesabu kuanzia siku tuliyolipa.

Baada ya kukatwa, chuma huchomelewa, husafishwa, hupakwa rangi ya unga na kuchomwa kwenye tanuri. Kama kiwanda chako kiko China na agizo limeangukia Januari au Februari, kuna Mwaka Mpya wa Kichina, ambapo viwanda vingi hufungwa na wafanyakazi kurudi makwao. Huyo naye ni fundi aliyeenda ushago, tofauti ni umbali tu.

Kisha kuna safari. Bampa na springi nne hazijazi kontena. Kwa hivyo mzigo wako unawekwa kwenye kontena la watu wengi, na kontena hilo haliondoki mpaka lijae. Meli nayo huenda isije moja kwa moja hadi Mombasa. Mizigo mingi hushushwa kwenye bandari nyingine njiani na kungoja meli ya pili. Na tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu yalipoanza, kampuni nyingi za meli zilihepa njia ya Suez na kuzunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo unaotoka Ulaya kuja kwetu ukaongezewa siku nyingi baharini.

Ukifika Mombasa, shughuli ndiyo inaanza. Ushuru haukokotolewi kwa bei ya spea peke yake. Huchukuliwa bei ya bidhaa, bima na nauli ya meli kwa pamoja, ndipo ushuru unapigwa, kisha VAT ya asilimia 16 inapigwa juu ya jumla iliyo na ushuru tayari. Kuna pia ada ya tamko la uagizaji na ile ya reli. Ankara yetu ilikuwa imeandikwa "vyuma vya gari" na basi. Vyuma gani? Vya gari gani? Maafisa wa forodha walitaka maelezo, muuzaji akaanza kutafuta stakabadhi upya, na huku mzigo umelala. Siku za bure bandarini ni chache. Zikiisha, unalipia kila siku chuma kinapolala pale.

Kosa letu wenyewe

Nimeeleza yote hayo, lakini nikwambie ukweli ambao ulinichukua muda kuukubali. Desemba yetu haikuharibiwa na meli.

Siku tuliyotuma pesa, fundi alituambia ana nafasi gereji. Tukaona heri aanze kazi mapema. Akafungua springi za zamani na bampa ya zamani, na sisi kwa raha zetu tukaziuza ili tuongeze chapaa ya winchi. Kuanzia hapo Land Rover yetu ilisimama juu ya mawe pale Kariobangi, haiendi mbele wala nyuma. Springi zile za zamani zilikuwa zimechoka kidogo tu. Zingeweza kabisa kutubebea wateja wanne, polepole, na tukarudi na pesa mfukoni.

Aliyekopa Sacco ndiye aliyekuwa amesema tusiziuze. Kuna wiki tatu alikuwa anasoma meseji zetu za WhatsApp bila kujibu. Hakututukana. Ningependelea angetutukana.

Ufanye nini wewe?

Kwanza, usiulize "itachukua muda gani?" Uliza: muda huo unaanza kuhesabiwa siku gani? Siku ninayolipa, siku kiwanda kinapopokea pesa, au siku meli inapong'oa nanga? Kisha taka tarehe iandikwe kwenye ankara, siyo "wiki sita". Hii siyo kisirani. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakuruhusu kuvunja makubaliano kama siku 30 zimepita baada ya tarehe ya kufikisha bidhaa iliyotajwa kwenye makubaliano na hujaipata. Sisi hatukuwa na tarehe. Tulikuwa na gumba la WhatsApp.

Pili, usilipe zote mara moja. Lipa sehemu wakati wa kuagiza, sehemu ukitumiwa picha ya kitu chenyewe kikiwa tayari na stakabadhi za kusafirishia, na iliyobaki ukikishika. Muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika. Anayekasirika amekusaidia kumjua mapema.

Tatu, tuma nambari ya chesisi, siyo jina la gari tu. Ukisema "Jimny", unamaanisha ipi? Ile ya JB43 au JB74 iliyoanza kuuzwa 2018? Springi za moja siyo za nyingine. Hata kwa Defender, springi hutofautiana kulingana na uzito gari linaobeba, na upande wa dereva unaweza kutaka springi tofauti na ule wa abiria. Ukikosea hapa, utangoja miezi mitano upokee chuma kisichoingia, na uanze foleni upya.

Nne, jiulize ni kipi hasa lazima kitoke ng'ambo. Bampa na keria zinaweza kuchomelewa na fundi mzuri wa Kariobangi au Industrial Area huku umesimama kando ukipima kwa futi. Lakini springi, shokabzoba na chochote cha usukani usikubali kuungaunga. Hivyo vingoje.

Tano, na hili liandike ukutani: usifungue gari kabla spea haijafika. Na isifike kwa maneno; iwe iko gereji, umeipima, umeona inaingia. Za zamani usiziuze mpaka umeendesha gari na mpya angalau mwezi mmoja.

Kama una tarehe isiyosogea, rudi nyuma kutoka tarehe hiyo, siyo mbele kutoka leo. Watazame wanaoshiriki Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini yaliyoanza 1989. Wana saa 10 za kufikia vituo vyote kwa umbali mfupi iwezekanavyo, na siku ile haiahirishwi eti bampa yako imekwama bandarini. Ukitaka kuwa pale, gari lako linafaa kuwa tayari na limejaribiwa kitambo. Hivyo hivyo kwa msimu wa Desemba, kwa arusi ya ndugu yako kule Marsabit, kwa safari yoyote uliyoahidi watu. Chukua muda uliotajiwa, uuzidishe mara mbili, na ikiwa bado haitoshi, safiri na springi ulizo nazo.

Springi zetu tulifungiwa Januari. Ni tamu, sikufichi. Zimetupeleka hadi Loiyangalani na kuturudisha bila mlio. Mwenzetu wa Sacco alilipia Januari na Februari kutoka kwenye mshahara wake, nasi tukamrudishia Machi, wateja walipoanza kurudi. Bado tuko watatu. Ila sasa yeye ndiye anayeshika hela na ndiye anayeongea na wauzaji, na hakuna anayebishana naye.

Juzi jamaa mmoja alimpigia kumuuzia tangi maalum la mafuta. "Wiki sita tu, boss," akasema. Mwenzetu akachukua kalamu, akamuuliza: "Kuanzia lini?"