Jina Humtangulia Mwenyewe

Jina la kwanza humfikia msikilizaji kabla hajaiona sura ya mtu wala kuijua tabia yake. Anayesikia Mwanaidi hukisia dini. Anayesikia Odhiambo au Nyambura hukisia kabila. Makisio hayo huanza kuamua mwenye jina atapokelewaje.

Miongoni mwa Waashanti wa Ghana, mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa. Mvulana wa Jumatatu ni Kwadwo, naye hudhaniwa mpole. Wa Jumatano ni Kwaku, naye hudhaniwa mkorofi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gustav Jahoda alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za mahakama ya watoto ya Kumasi. Akina Kwaku walionekana kuwa wengi mno kati ya walioshtakiwa kwa kuumiza watu, akina Kwadwo wachache. Jumatano haizai ukorofi. Yaelekea zaidi kwamba mtoto anayetazamiwa ugomvi tangu utotoni hukaripiwa upesi, hushukiwa wa kwanza chungu kikivunjika, na mwishowe huishi vile alivyodhaniwa.

Katika ajira, madhara yamepimwa waziwazi. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan waliwatumia waajiri wa Boston na Chicago maombi ya kazi karibu 5,000 ya watu wa kubuni, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Sifa zililingana, majina ndiyo yaliyotofautiana: huku Emily na Greg, kule Lakisha na Jamal, majina yanayohusishwa na Wamarekani Weusi. Akina Emily walipigiwa simu mara moja kwa kila maombi 10 hivi, akina Lakisha mara moja kwa kila 15. Linalouma zaidi ni kwamba sifa zilipoongezwa, Emily alinufaika sana, Lakisha kidogo mno. Bidii ambayo kila mzazi humhimiza mwanawe haikufua dafu mbele ya jina.

Ufaransa ilijaribu kulificha jina. Sheria ya mwaka 2006 ilizitaka kampuni kubwa zipokee maombi yasiyolitaja. Jaribio lililofuata lilishangaza: waombaji wenye asili ya kigeni waliitwa kwenye usaili mara chache zaidi kuliko jina lilipoonekana. Kampuni zilizoshiriki katika jaribio hilo zilijitolea, na huenda zilikuwa zikiwafikiria waombaji hao kwa wema. Jina lilipofichwa, yaelekea mapengo katika historia zao za kazi yalikosa wa kuyaelewa. Mwaka 2015 sharti la kuficha jina lilifanywa hiari.