Ukipata kibarua kwa lori la stima, usiliegemee

Unalijua lile lori. Lina mkono mrefu unaojikunja kama mguu wa panzi, na kwenye ncha kuna ndoo ambamo fundi husimama akifunga nyaya au kubadilisha taa ya barabarani. Likija mtaani, kila mtu anamtazama wa juu. Wengine wanatoa simu kumpiga picha. Kijana wa chini mwenye riflekta ya kuazima, aliyeegemea lori akingoja kutumwa, hana anayemtazama.

Leo naandika kumhusu huyo wa chini, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa ni wewe. Makontrakta wa stima, wa taa za kaunti na wa nyaya za intaneti huokota wasee mtaani kwa malipo ya siku. Unaambiwa utapanga koni, utavuta kamba, utampitishia fundi vyuma. Kazi inaonekana rahisi, doo inalipwa jioni. Mara nyingi hakuna anayekukalisha chini akueleze lori hilo linaua vipi.

Stima ya kwako kwa keja ni volti 240. Nyaya zinazopita juu ya nguzo kuelekea transfoma ya mtaa hubeba volti 11,000, na kwingine 33,000. Nyingi kati ya hizo ni waya mtupu, hazijavikwa plastiki. Lori lililoundwa kwa kazi ya stima lina kinga yake: sehemu ya juu ya mkono ni ya faibaglasi, ambayo haipitishi umeme. Sehemu ya chini ni chuma. Chuma hicho kikigusa waya, au faibaglasi ikiwa na ufa au uchafu ulioloweshwa na mvua, umeme unaweza kushuka na lori zima likawa waya. Usidanganyike na matairi. Ile miguu ya chuma ambayo lori hushusha ili lisiyumbe imeshakanyaga ardhi tayari. Na kumbuka si kila lori lenye ndoo ni la stima. Kuna ya kupaka rangi na kubandika mabango ambayo ni chuma kuanzia chini hadi juu.

Sasa sikiza hapa vizuri. Lori likishapata umeme, aliye juu anaweza asihisi kitu, sawa na ndege aliyetua kwenye waya, kwa sababu umeme haujapata njia ya kupita mwilini mwake kwenda ardhini. Wewe uliyesimama kwenye udongo huku mkono uko kwenye bodi ya lori ndiye njia yenyewe.

Balaa zaidi ni kwamba malori haya huwa na levа za pili hapo chini, za kumshusha fundi akizimia au mitambo ya juu ikikwama. Ni kitu kizuri, na kabla kazi haijaanza unafaa kuonyeshwa zinavyotumika. Lakini hebu fikiria: mkono umegusa waya, fundi anapiga nduru, na roho yako inakuambia kimbia ukamshushe. Ukizigusa leva hizo kabla stima haijakatwa, watu watabeba miili badala ya mmoja kuokolewa. Manze, najua inauma kusimama mbali ukimtazama mwenzako. Lakini msaada wako hapo ni simu. Kenya Power wanapatikana kwa 97771. Msimamizi wa kazi naye anafaa kuwa na njia ya moja kwa moja ya kuagiza laini izimwe, na nambari hiyo uipate asubuhi, si wakati watu wanapiga kelele.

Kusimama mbali nako kuna namna yake. Umeme ukiingia ardhini husambaa, ukiwa mkali karibu na lori na ukipungua kadiri unavyoenda mbali. Ukipiga hatua ndefu, mguu mmoja uko kwenye nguvu nyingi na mwingine kwenye kidogo, na tofauti hiyo inapita mwilini mwako. Ndiyo maana ng'ombe huathirika upesi waya ukianguka malishoni: miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Kwa hivyo unganisha miguu, uburute nyayo kidogo kidogo bila kuziinua, hadi uwe umetoka mita 10 au zaidi. Dereva naye akae ndani hadi stima ikatwe. Lori likishika moto na hana budi kutoka, aruke, miguu pamoja, asiguse lori na ardhi kwa wakati mmoja.

Mambo mengine nitayapitia mbio. Udongo mweusi wa Embakasi au Syokimau ukinyeshewa ni uji, kwa hivyo miguu ya lori iwekewe mbao pana, la sivyo linapinduka. Fundi afunge mshipi wake kwenye ndoo, kwa sababu matatu ikiligonga lori, mkono ule humrusha mtu kama manati. Koni zipangwe mbali upande magari yanakotoka, si hatua mbili nyuma ya lori.

Halafu kuna jenereta. Stima ikipotea, mwenye duka anawasha yake bila swichi ya kutenganisha. Umeme wake unarudi kwenye waya, unafika kwa transfoma, na transfoma, ambayo haijui kuchagua, inaupandisha tena hadi maelfu ya volti. Fundi anayeamini laini imekufa anakutana nao. Ndiyo sababu laini hupimwa na kuunganishwa na ardhi kabla ya kuguswa, hata kama ofisi imesema imezimwa. Ukisikia jenereta ikinguruma karibu, mwambie msimamizi. Hiyo pia ni kazi ya wa chini, na hakuna aliye kwenye nafasi nzuri zaidi ya kuisikia.

Kuhusu kuogopa kufutwa: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka uripoti hatari kubwa kwa msimamizi, na mwajiri haruhusiwi kukulazimisha kurudi pale kabla hajairekebisha. Najua sheria na nyapara ni vitu viwili tofauti. Bado ni fiti kuijua. Sheria nyingine ya mwaka huo huo, ile wanaita WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima ya majeraha ya wafanyakazi wake. Kwa hivyo kabla lori halijatoka yadi, hakikisha jina lako na nambari ya kitambulisho vimeandikwa kwenye daftari la siku hiyo, upige picha ukurasa huo, na umtumie mtu wa nyumbani.