Njia Nyingi za Kuwa Mti

Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro una mimea mitatu inayoweza kumfanya mtaalamu wa mimea na mkulima wabishane kutwa nzima. Chini, kwenye vihamba vya Wachaga, imesimama migomba inayoikinga kahawa na jua. Juu yake, ndani ya bonde lenye msitu mnene, kuna mkukusu wenye kimo cha mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili ya Afrika iliyowahi kupimwa. Vipimo vyake vilitangazwa mwaka 2016 na watafiti walioongozwa na Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Juu zaidi, karibu na mita 4,000, ambako msitu umeshakoma na maji huganda usiku, wapagazi hupita katikati ya senesio za Bonde la Barranco: shina nene, kichwa cha majani mapana, na chini yake majani makavu yaliyogoma kudondoka, yakilifunika shina lisipigwe na baridi.

Mkukusu haumtii mtu shaka. Mgomba, kwa hesabu ya wanasayansi, si mti kabisa. Ni mmea laini usio na mbao, ingawa hupita paa la nyumba. Senesio nayo ni mti, lakini ndugu zake wa karibu ni mimea midogo ya bustanini, na familia yake ni ile ya alizeti.

Mkanganyiko huo una sababu. Katika nasaba ya mimea hakuna tawi moja linaloitwa miti. Mpingo, ambao mbao yake huvunja meno ya msumeno, umo katika familia moja na maharage na karanga. Mbuyu uko familia moja na bamia na pamba. Mkukusu una undugu na mwarobaini wa uani. Mmea mmoja unaweza kuwa mti, nduguye akawa mtambaazi wa ardhini, na binamu yao akapandwa kwenye tuta la mboga. Umbo la mti limebuniwa upya mara nyingi, na mimea isiyohusiana, kila mmoja kwa wakati wake na kwa njia yake.

Ndiyo maana wanaohesabu miti ya dunia walilazimika kwanza kukubaliana wanahesabu nini. Wataalamu wa miti wa shirika la uhifadhi la IUCN waliafikiana hivi: mti ni mmea wenye mbao, kwa kawaida wenye shina moja, unaofikia kimo cha angalau mita 2, au, ukiwa na mashina mengi, basi angalau shina moja lililo wima liwe na kipenyo cha sentimita 5 kwenye kimo cha kifua. Kwa kipimo hicho, orodha ya kwanza ya dunia nzima, iliyotolewa mwaka 2017, ilikuwa na spishi 60,065. Miaka mitano baadaye timu ya kimataifa ilikadiria kuwa idadi kamili inakaribia 73,000, maana yake maelfu ya spishi hayajapewa hata jina la kisayansi.

Neno lenye uzito katika maelezo hayo ni mbao. Ndani ya shina la mwembe au mkukusu, kati ya gome na mbao, kuna tabaka jembamba la chembehai zinazojigawa, liitwalo kambiamu. Upande wa ndani hutengeneza zailemu, mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini. Upande wa nje hutengeneza floemu, inayosambaza sukari iliyopikwa na majani. Zailemu huimarishwa kwa lignini, kemikali inayozifanya kuta za chembehai kuwa ngumu, na chembehai nyingi hufa mara zikishakomaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mti mzima ulio hai ni mabomba matupu ya chembehai zilizokufa, na uhai umebaki kwenye ganda la nje, majani, ncha za matawi na mizizi.

Kila msimu kambiamu huongeza tabaka jipya, na shina hunenepa. Katika nchi zenye majira ya baridi kali tabaka hizo huwa duara moja kwa mwaka, zinazoweza kuhesabika. Afrika Mashariki mambo ni magumu zaidi: penye masika na vuli mti unaweza kuweka duara mbili kwa mwaka, na penye mvua mwaka mzima duara huweza zisionekane.

Chombo hicho kimoja, kambiamu, hutumiwa na miti kwa mikakati inayopingana. Mpingo hukua taratibu mno. Huchukua takribani miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na mara nyingi shina lake ni fupi na lililopinda. Sehemu yake ya nje ni nyeupe inayoelekea manjano. Ya ndani ni nyeusi yenye zambarau, imeshonana na kujaa mafuta na utomvu, kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini huzama. Uzito huo ndio unaowavuta wachonga vinyago wa Kimakonde na watengenezaji wa klarineti na obo wa Ulaya: mbao haiyumbishwi na unyevu wa pumzi ya mpigaji na hukubali kutobolewa kwa vipimo vya nywele. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa kusimamia vyema misitu yao ya asili, na mpingo ndio uliokuwa mtaji mkuu wa mpango huo.

Mbuyu umechagua upande wa pili. Kwa kunenepa hauna mshindani, lakini hakuna fundi seremala anayeutamani. Mbao yake imejaa chembehai laini zilizo hai zinazohifadhi maji, na ikikauka hubaki nyuzi nyepesi zisizoshika hata msumari. Watu kwa muda mrefu wameamini kwamba mbuyu hunywa akiba hiyo kiangazi chote. Utafiti uliofanywa katika mibuyu ya Madagaska ulionyesha jambo tofauti kidogo: maji ya shinani hutumika hasa kuchipua majani mapya kabla mvua hazijaanza, ili msimu ukifika mti uwe tayari. Maji hayo pia huyasaidia mashina hayo laini kusimama wima. Zaidi ya hayo, mbuyu ukibanduliwa gome kwa ajili ya kamba, au ukichubuliwa na tembo wa Tarangire, huota gome jipya. Miti mingi ikibanduliwa hivyo kuzunguka shina lote hufa.

Umri wa mibuyu haupimwi kwa duara, kwa kuwa mashina mengi yana uwazi katikati na mara nyingi ni mashina kadhaa yaliyoungana. Adrian Patrut na wenzake walitumia kaboni ya mionzi, wakapata kwamba mbuyu wa Panke nchini Zimbabwe ulikuwa umeishi takribani miaka 2,450 kabla haujafa mwanzoni mwa muongo uliopita. Ripoti yao ya mwaka 2018 iliwashtua wengi: kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi waliyoijua kusini mwa Afrika, 9 ilikuwa imekufa, au mashina yake ya kale yalikuwa yameanguka, katika muda wa miaka 12 tu. Watafiti hao waliyashuku mabadiliko ya tabianchi, lakini walisema uthibitisho bado unahitajika.

Mnazi hauna kambiamu hata kidogo. Michikichi, mivumo na minazi ni ndugu wa karibu zaidi wa nyasi na mahindi kuliko ilivyo ndugu wa mwembe, na shina lake hujengwa kwa namna nyingine kabisa. Mnazi mchanga hutumia miaka yake ya mwanzo kupanua kitako chini ya ardhi na juu kidogo tu ya ardhi. Ukishapata unene wake ndipo unapoanza kwenda juu, na tangu hapo haunenepi tena kwa kuongeza tabaka. Ukikatwa hauonyeshi duara, bali maelfu ya nyuzi ngumu zilizotawanyika ndani ya tishu laini, kama nondo ndani ya zege. Muundo huo hupinda bila kuvunjika, na ndio unaouwezesha mmea wa mita 20 na zaidi kustahimili kusi la pwani.

Lakini muundo huo una gharama. Wakwezi wa pwani wanajua kwamba vidato vilivyokatwa kwenye shina havizibi. Vitabaki hapo maisha yote ya mnazi, kwa sababu hakuna tabaka la kuvifunika. Na ukuaji wote unategemea ncha moja iliyo juu, katikati ya makuti machanga. Mdudu chonga, mwenye pembe kichwani, hutoboa hapo hapo kutafuta utomvu. Akiifikia ncha yenyewe, mnazi hufa, kwa maana hauna tawi lingine la kuendelea nalo. Mkoche umeupunguza mtego huo kwa njia adimu miongoni mwa michikichi: ncha yake hugawanyika mara mbili, kisha kila moja tena mara mbili, hata mkoche mkubwa wa Turkana au wa mwambao ukawa na vichwa vingi.

Mgomba haukuhangaika na mbao wala nyuzi ngumu. Kinachoitwa shina lake ni vikuta vya majani vilivyokumbatiana, kimoja ndani ya kingine. Shina la kweli limekaa chini ya ardhi, fupi na nene, nalo hujitokeza mara moja tu: bua la maua linapopenya katikati ya vikuta hadi juu na kuinamisha mkungu. Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe, lakini wakulima huuwekea nguzo, kwa kuwa upepo mmoja unatosha kuuangusha. Ukishazaa, hiyo sehemu ya juu hufa, na chipukizi la pembeni hushika zamu. Tangawizi, ndugu wa mgomba katika oda moja, hutumia ufundi uleule kwa kimo cha magoti.

Mpapai uko njia panda. Una shina moja, una kimo, na una kambiamu, lakini zailemu yake ina lignini kidogo sana. Ugumu wa shina hutokana zaidi na nyuzi za floemu zilizo upande wa nje na msukumo wa maji ndani ya chembehai. Oda yake ni ile ya kabichi na sukuma wiki.

Majaribio haya ya kusimama wima ni ya kale. Mwaka 2024 wanasayansi wa Uingereza walieleza mabaki ya msitu uliogandishwa ndani ya miamba ya Somerset kwa takribani miaka milioni 390. Miti yake, Calamophyton, haikuzidi mita chache, na mashina yake yalikuwa membamba na matupu katikati. Baadaye ilikuja Archaeopteris, yenye mbao halisi iliyotengenezwa na kambiamu, ingawa ilizaliana kwa spora bila mbegu. Katika vinamasi vya Ulaya na Amerika Kaskazini ya kale, Lepidodendron ilipanda mita 30 na zaidi ikiwa na mbao kidogo mno. Ilisimamishwa na gome nene. Miti hiyo ilizikwa ikawa makaa ya mawe. Makaa ya Ngaka, Mchuchuma na Kiwira nchini Tanzania yana asili nyingine: yalitokana na misitu ya baadaye, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250, ambamo Glossopteris na mimea mingine ya bara la kale la Gondwana ilitawala.

Kilichoisukuma mimea yote hiyo kwenda juu ni jua. Palipo na maji na udongo wa kutosha, mmea unaompita jirani yake kimo humnyima mwanga, na jirani naye hulazimika kupanda au kuzoea kivuli. Swali ni kwa nini mageuzi hayo yaliwezekana mara nyingi hivyo. Jibu mojawapo lilipatikana Ubelgiji mwaka 2008, katika maabara iliyokuwa ikichunguza Arabidopsis, kigugu kidogo cha familia ya kabichi ambacho kwa kawaida huota, huchanua na kufa ndani ya majuma machache. Watafiti walipozima jeni zake mbili zinazoharakisha kuchanua, kilianza kuishi kwa muda mrefu, kikatoa matawi na kujijengea mbao kama kichaka. Uwezo wa kutengeneza mbao ulikuwemo ndani ya mmea huo siku zote. Jeni mbili tu zilikuwa zikiuzuia. Hilo linasaidia kueleza jinsi familia ya alizeti ilivyoweza kupata miti kwenye milima ya Kilimanjaro, Kenya, Elgon na Rwenzori.

Suala la nini kihesabiwe kuwa mti lina uzito hata nje ya maabara, hasa sasa ambapo kaboni ya misitu ina bei. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, huita msitu eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayozidi mita 5 na vivuli vinavyofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Mianzi na michikichi ya asili huingia ikitimiza vipimo hivyo. Mashamba ya matunda na ya michikichi ya mafuta huachwa nje. Miti iliyotawanyika mashambani, ambayo familia nyingi huitegemea kwa kuni, kivuli na matunda, mara nyingi haionekani katika takwimu za misitu.

Rwanda imeijaza sehemu ya pengo hilo. Mwaka 2023 Maurice Mugabowindekwe na wenzake walichapisha ramani ya mti mmoja mmoja wa nchi nzima, iliyotengenezwa kwa picha za angani na programu za kompyuta zilizofundishwa kutambua vilele vya miti. Karibu robo tatu ya miti iliyoonekana ilikuwa mashambani na katika savana. Misitu ya asili, kama ile ya Nyungwe, ilikuwa na takribani asilimia 11 tu ya miti, lakini ilibeba zaidi ya nusu ya kaboni yote, kwa sababu miti yake ni mikubwa. Picha ya juu huonyesha upana wa kivuli. Haionyeshi kama ndani ya shina mna mbao nzito ya aina ya mpingo au tishu laini ya aina ya mbuyu. Kwa sababu hiyo watafiti bado huingia msituni kutambua kila spishi na kuzungushia shina utepe kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini.