Mafuta ya breki: isome namba ya pili

Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo kupitia Soni inashuka mita elfu moja hivi ndani ya kilomita thelathini na ushei. Chukua Noah iliyojaza abiria, na vikapu vya karoti juu ya keria. Uzito wake unafika tani 2. Nguvu ya mteremko huo ikigeuzwa yote kuwa joto, inatosha kuchemsha lita 50 za maji na nyingine ikabaki. Upepo na matairi hupunguza kidogo, na injini hupunguza sana iwapo dereva ameshuka kwa gia ndogo. Kinachobaki chote humalizikia kwenye breki.

Joto hilo halikai kwenye diski. Hupenya pedi, likaingia kwenye pistoni ya kalipa, na nyuma ya pistoni ndipo yalipo mafuta ya breki. Kimiminika hakibonyei, ndiyo maana ukikanyaga pedali nguvu ya mguu wako inafika hadi kwenye gurudumu. Lakini mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inazama hadi sakafuni na gari linaendelea na safari yake.

Madereva wengi huchanganya hali hii na ile ya pedi kuzidiwa na moto. Pedi zikizidiwa, pedali hubaki ngumu, unakandamiza kwa nguvu zote lakini gari halikamati. Mafuta yakichemka, mguu hauna kinachouzuia. Linaloniuma zaidi ni kwamba gari likishapoa mvuke hurudi kuwa kimiminika. Fundi anayefika saa moja baadaye anakuta pedali iko juu na kila kitu kinafanya kazi, halafu lawama zote zinamwangukia dereva. Na hatari haiishi gari linaposimama. Ukiegesha Soni kununua matunda baada ya kukanyaga breki njia nzima, diski hazipati tena upepo wa kuzipoza, na joto linazidi kuingia kwenye kalipa. Pedali inaweza kukukosa pale unapoondoka.

Ndiyo sababu nawasihi wanaonunua mafuta ya breki waanzie nyuma ya kopo. Mbele utakuta DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1, madaraja yaliyowekwa na Idara ya Uchukuzi ya Marekani, na mara nyingi joto la kuchemka kwa maandishi makubwa. Hilo ni joto la mafuta mapya, makavu. Kwa DOT 3 lisipungue nyuzijoto 205, DOT 4 230, DOT 5.1 260. Nyuma, kwa herufi ndogo na pengine kwa Farenhaiti, kuna namba ya pili: joto la kuchemka baada ya mafuta kunywa maji kiasi cha asilimia 3.7. Hapo DOT 3 hushuka hadi 140, DOT 4 155, DOT 5.1 180.

Namba hiyo ya pili ndiyo ya gari lako. Mafuta haya yametengenezwa kwa kemikali inayovuta unyevu, nao unaingia taratibu kupitia mpira wa hosi na kila kitangi kinapofunguliwa. Kwa hewa ya Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, usitegemee yabaki makavu. Mafuta yaliyokaa miaka mitano bila kubadilishwa, hata yakiwa ya daraja la juu, yanaweza kuchemka mapema kuliko DOT 3 iliyomwagwa jana.

Wapo wanaotaka mafuta ya mashindano. Ni mafuta mazuri kweli. Motul RBF 660 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzijoto 325, lakini ikishakunywa maji hushuka hadi karibu 205. Castrol React SRF hubaki karibu 270 hata ikiwa na maji, na bei yake inalingana na sifa hiyo. Timu za mbio hubadilisha mafuta mara kwa mara, kwa hiyo anguko la namba haliwasumbui. Mwenye gari la familia anayemwaga mafuta ya mbio kisha akayasahau hadi gari liuzwe amelipia namba ambayo hataitumia. Kwa gari linalopanda na kushuka milima likiwa na mzigo, chaguo langu ni DOT 4 nzuri au DOT 5.1, na yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili. DOT 5.1 ina faida nyingine ya kuwa nyepesi, jambo linalosaidia vali za ABS kufanya kazi haraka.

Angalieni sana DOT 5 isiyo na hiyo nukta moja. Hayo ni mafuta ya silikoni, yana rangi ya zambarau, hayachanganyiki na hayo mengine, na hayafai kwenye mifumo ya ABS. DOT 3, 4 na 5.1 zinaweza kukutana bila madhara, ingawa mchanganyiko hauwi bora kama ile ya daraja la juu. Mafuta ya injini au ya gia yasiingie kabisa: huvimbisha mipira ya masta silinda na kalipa, na gari linaweza kukosa breki zote.

Dukani, chukua kopo ambalo lakiri yake haijafunguliwa. Lililobaki nusu kwenye rafu ya gereji tangu mwaka jana limeshakunywa maji, hata kama mafuta yake yanang'aa. Lita moja kwa kawaida inatosha gari dogo. Mwambie fundi asiishie kunyonya ya kwenye kitangi, maana yanayopata joto yako kwenye kalipa. Atoe kwa kila gurudumu hadi yatoke mapya yasiyo na mapovu. Yakidondoka kwenye bodi, mwagia maji mara moja, yanakula rangi.

Akimaliza, washa gari na ukandamize pedali kwa dakika nzima. Inatakiwa isimame juu na isitikisike. Ikizama polepole na hakuna pahali panapovuja, masta silinda imechoka, na hapo unachohitaji kununua si mafuta tena.