Kamera Moja, Kazi Mbili

Marehemu Mohamed Amin, Mkenya aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alizoea kubeba kamera ya picha na ya filamu pamoja. Tangu Nikon D90 na Canon 5D Mark II zitoke mwaka 2008, kazi hizo mbili zimo katika chombo kimoja. Lakini mshika mawili, moja humponyoka. Video ya fremu 25 kwa sekunde hupendeza kila fremu ikipata mwanga kwa 1/50 ya sekunde. Kwa mwendo huo, picha ya mcheza ngoma haitoki safi. Kwa hiyo harusini mimi huamua mapema: nyimbo na vigelegele ni vya video. Bibi harusi akifunuliwa uso, napiga picha. Hafunuliwi mara mbili.