Fundi naye ni mwanafunzi: Misaada ya karo imfae

Mwaka jana, katika juma la pili la muhula, nilimkuta kijana mmoja wa jirani yangu ameketi nje ya lango la chuo cha ufundi. Kando yake palikuwa na sanduku la bati na mwiko mpya wa uashi uliofungwa kwa gazeti. Barua ya kujiunga na chuo hicho alikuwa nayo. Mkopo alikuwa ameomba, na simu yake ilikuwa na ujumbe kwamba ombi limepokelewa. Jina lake lilikuwemo pia katika orodha ya watakaopewa basari ya eneo bunge. Kwa hesabu ya makaratasi, kijana huyo hakuwa na shida tena. Hata hivyo, mhasibu wa chuo alikuwa amemwambia jambo moja tu: "Nenda nyumbani, urudi pesa zikiingia."

Pesa ziliingia baada ya majuma saba. Kijana hakurudi. Alikuwa amekwisha kupata kibarua cha kubeba mawe katika mjengo mmoja mjini, na muhula wenyewe ulikuwa unakaribia ukingoni.

Sina shaka kwamba mwalimu anayesoma makala haya anamfahamu kijana wa namna hiyo. Yamkini hata mwanafunzi anayeyasoma ni yeye mwenyewe. Kwa hivyo leo ningependa tulijadili suala hili la misaada ya fedha kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi bila ya kulipaka rangi. Msaada upo, na ni uongo kusema haupo. Ila msaada huu ulishonwa kwa kipimo cha mwanafunzi wa chuo kikuu, kisha fundi akavishwa kama mtoto anayerithi koti la kakaye. Mikono inamzidi, na mabega yanambana.

Kwanza tuone ni vijana wangapi tunaowazungumzia. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2024, watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo kiingilio cha chuo kikuu, walikuwa 246,391. Hao wengine, zaidi ya 700,000, ndio ambao vyuo vya ufundi vinatarajiwa kuwapokea na kuwapa mkate wa maisha. Kwa kila mwanafunzi mmoja ambaye magazeti humpiga picha akibebwa juu kwa nyimbo, wako karibu watatu wanaorudi nyumbani kimyakimya. Lau mipango ya taifa ingefuata wingi wa watu, basi mikopo na basari zingeanza kufikiriwa kwa ajili ya hao watatu.

Historia yetu haikwenda hivyo. Mpango wa serikali wa kuwakopesha wanafunzi ulipoanza mwaka 1974 ulikuwa wa wanafunzi wa chuo kikuu. Wengi waliokopa hawakulipa, na ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya mwaka 1995 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, maarufu kama HELB. Jina lenyewe linatangaza ni nani aliyekuwa akilini mwa waliolitunga.

Na wakati wasomi wa vyuo vikuu wakikopeshwa, ni nani aliyemjengea fundi? Ni mwananchi wa kawaida. Mapema katika miaka ya 1970 watu walichanga kwa moyo wa harambee, wakulima wakatoa sehemu ya malipo ya kahawa na chai, wakasimamisha taasisi za teknolojia kama ile ya Kimathi kule Nyeri na ile ya Murang'a. Leo hii taasisi hizo mbili ni vyuo vikuu. Politekniki ya Kenya na ile ya Mombasa nazo zikageuzwa vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Sipingi kukua kwa elimu ya juu, lakini hatuna budi kukiri kwamba majengo ya fundi yalipandishwa cheo na fundi mwenyewe akaachwa mlangoni.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2018. Serikali ilitangaza kwamba karo ya vyuo vya kiufundi vya umma itakuwa Sh56,420 kwa mwaka, na kwamba itamlipia kila mwanafunzi aliyeteuliwa rasmi mgao wa Sh30,000. Zilizobaki, Sh26,420, zingeweza kulipwa kutokana na mkopo wa HELB wa hadi Sh40,000, na salio likamsaidia mwanafunzi kujikimu. Huo ulikuwa mpango rahisi kueleweka hata na mzazi asiyejua kusoma. Vijana walimiminika vyuoni, na vyuo vilivyokuwa na madarasa matupu vikaanza kulia msongamano.

Mwaka 2023 ukaja utaratibu mpya. Karo ilipanda hadi wastani wa Sh67,189 kwa mwaka, na mgao ule wa usawa kwa kila mtu ukaondolewa kwa wanafunzi wapya. Badala yake kila mmoja alitakiwa kueleza hali ya jamaa yake, apimwe kiwango cha umaskini, kisha agawiwe ufadhili, mkopo, na sehemu itakayolipwa na wazazi. Mwezi Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba utaratibu huo unakwenda kinyume cha Katiba, na suala hilo likaendelea katika rufaa. Mzazi aliyekuwa ameanza kuuelewa wa kwanza alijikuta haujui wa pili.

Kando ya hayo zipo basari. Hazina ya Maeneo Bunge, iliyoanzishwa mwaka 2003, imewalipia karo vijana wengi, ijapokuwa mwezi Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yake ya mwaka 2015 inakiuka Katiba, na kuipa muda wa mwisho wa tarehe 30 Juni 2026. Serikali za kaunti nazo zimekuwa zikitoa basari. Mwezi Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka zisitishe malipo hayo hadi zitiliane mkataba na serikali ya kitaifa, na mzozo huo ukafika mahakamani. Walemavu wanaweza kuomba msaada wa masomo kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Makanisa, misikiti na mashirika ya hisani pia hayajalala.

Kwa hiyo milango ni mingi. Taabu ni kwamba kila mlango una fomu yake, tarehe yake, na kamati yake inayotaka mtoto athibitishe upya kwamba ni maskini. Yatima analazimika kutoa nakala ya cheti cha kifo cha babake mara tatu au nne kwa mwaka mmoja. Je, kuna haja gani ya kumfufulia msiba kila anapotafuta karo?

Kasoro ya kwanza ya koti hili, basi, ni wakati. Vyuo vya ufundi huwapokea wanafunzi mwezi wa Januari, Mei na Septemba. Kamati za basari nyingi hukaa mwanzoni mwa mwaka, wakati macho yote yameelekea kwa watoto wa sekondari. Aliyejiunga Mei hukuta chungu kimekwisha kukombwa. Mkopo nao hupitia kuombwa, kukaguliwa, kuidhinishwa na kutumwa, na mwalimu mkuu wa chuo anadaiwa na muuza unga na kampuni ya umeme siku hizo hizo. Wahenga walinena kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Hapa tumbo linaloumia ni la mwanafunzi, kwa sababu chuo kinaweza kukopa unga lakini yeye hawezi kukopa mihadhara iliyompita.

Kasoro ya pili ni matumizi. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma historia anahitaji vitabu, na maktaba inaweza kumwazima. Mwashi hawezi kuazima mwiko na pimamaji kila siku. Mshonaji anahitaji vitambaa ambavyo akishakata kimakosa havirudi dukani. Anayesomea upishi anatakiwa kununua sare nyeupe, na wakati mwingine hata nyama na viungo vya somo la vitendo. Fundi umeme anahitaji koleo, testa na viatu vya usalama. Kisha kuna ada ya mtihani, na yale mafunzo ya nyanjani ambapo kijana hufanya kazi kwa miezi kadhaa bila mshahara huku akilipa nauli na kodi ya chumba. Basari nyingi hulipwa moja kwa moja kwa chuo kwa jina la karo, na haziwezi kununua hata nyundo. Nimewaona vijana ambao karo yao ilikuwa imekamilika, lakini walisimama nyuma ya karakana wakiwatazama wenzao wakijifunza, kwa kuwa hawakuwa na vifaa.

Kasoro ya tatu, ambayo huzungumzwa kwa uchache mno, ni kulipa. Mkopo wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ni nafuu ukilinganisha na benki. Mkopaji hutarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Sheria inamtaka mwajiri akate pesa hizo kutoka kwa mshahara na kuzipeleka kwa Bodi. Huo ni utaratibu mzuri kwa mwalimu, daktari na karani. Lakini fundi wa jua kali mwajiri wake ni nani? Leo anashona sare za shule, kesho hana kazi, kesho kutwa anatengeneza zipu ya mkoba. Hana hati ya mshahara. Akichelewa, faini ya Sh5,000 kwa mwezi humwandama. Tupige hesabu: aliyekopa Sh40,000, miezi minane ya faini inatosha kulifikia deni lenyewe. Bodi mara kadhaa imesamehe faini kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo, lakini mkupuo ndio hasa jambo asiloliweza mtu anayepata riziki yake kwa siku.

Nini kifanyike? Rai yangu ya kwanza ni kwa wanaoshika mfuko. Fomu iwe moja. Mtoto akishapimwa mara moja na kuonekana mhitaji, Bodi, kaunti na eneo bunge wasome matokeo hayo hayo. Na malipo ya kwanza yatumwe kabla ya siku ya kufungua chuo, hata yakiwa robo tu. Sehemu fulani ya msaada itengwe wazi kwa ajili ya vifaa. Na kwa fundi asiye na mwajiri, faini isiwe ya kiwango kimoja kwa wote. Iambatane na ukubwa wa deni na pato lake.

Kwa wakuu wa vyuo, nawasihi jambo moja. Mwanafunzi mwenye uthibitisho kwamba mkopo au basari yake imeidhinishwa aruhusiwe kuketi darasani. Najua vyuo vina madeni, na najua mgao wa serikali umekuwa ukichelewa. Lakini deni la mwanafunzi aliye darasani lina matumaini ya kulipwa. La aliyefukuzwa halilipwi na yeyote.

Kwa walimu wa sekondari, kazi hii inaanza kwenu. Mtoto wa kidato cha nne asiondoke shuleni bila kufahamu kwamba kuteuliwa kujiunga na chuo hakumpatii mkopo. Ni lazima auombe mwenyewe. Mwambieni atafute mapema kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, nambari ya ushuru na akaunti ya benki. Mnatumia saa nyingi kuwaelekeza wale wachache wanaoelekea chuo kikuu. Tengeni alasiri moja kwa ajili ya wale wengine, na muwaambie bila kejeli kwamba useremala si adhabu ya kufeli.

Nanyi wanafunzi, mkopo si zawadi wala si bahati nasibu. Ukiacha masomo katikati, deni halikuachi. Hifadhi barua zote. Ukimaliza na kazi ikawa haijapatikana, usijifiche. Iandikie Bodi, na kile kidogo ulichopata kitume kwa simu. Haba na haba hujaza kibaba, na kila shilingi unayorudisha ni karo ya mdogo wako anayekufuata.

Juzi nilipita karibu na ule mjengo mjini. Kijana wa jirani yangu bado yuko pale, na sasa amepandishwa, anajenga ukuta. Mwiko ni ule ule aliokuwa nao langoni, ila umelika ncha. Ukuta wake umenyooka, na msimamizi anamsifu, lakini mwenzake aliye na cheti analipwa zaidi kwa kazi ile ile. Nilimuuliza kama angependa kurudi chuoni. Alipangusa saruji mikononi, akaniuliza swali ambalo nimelileta kwenu kwa kuwa mimi sikuweza kulijibu: "Mwalimu, safari hii pesa zitafika lini?"