Simu inawaka lakini haiiti: tuchunge moto unaoingia



Siku ya kuuza maharagwe, mtunza-sanduku wa koperative moja ya upande wa Djugu alifika Bunia kwa fundi. "Iko nawaka, iko naonyesha rezo, lakini haiite mutu." Mnunuzi alikuwa anangoja jibu.

Fundi akatia kadi yake katika simu nyingine. Ikaita mara moja. Kumbe kadi ni nzima, rezo pia. Kilichokufa ni amplifaya, kile kipande kidogo kinachoipa simu nguvu ya kufika kwenye mnara.

Amplifaya inakula moto moja kwa moja toka batri ya simu: volti 3.7, na batri ikijaa, 4.2. Chaja nzuri inatoa volti 5 na simu yenyewe inazipunguza. Lakini pano ya jua tunayoita ya volti 12 inaweza kufika karibu 20 jua likiwa kali. Batri ya pikipiki, mota ikizunguka, hufika 14. Ukiunga nyaya zake kwenye simu hivi hivi, unaichoma. Weka regulata kwenye pano, kisha chaja ya gari inayotoa volti 5.

Batri ya simu nayo ni kinga. Inameza moto ukizidi kidogo, kama bwawa linavyopokea maji ya mvua. Ukiitoa wakati chaja imechomekwa, maji yote yanaingia shambani. Usiitoe, hata rafiki akikuambia si kitu.

Jenereta, wacha izunguke mpaka itulie, ndipo uchomeke. Chomoa mbele ya kuizima, na mbele mafuta hayajaisha, maana pale mota inakohoa na moto unapanda na kushuka. Moto wa mjini ukikatika, chomoa pia. Ukirudi, ngoja dakika chache.

Tena kuna antena, na hii wengi hatuifikirii. Simu ikianguka antena ikakatika, nguvu iliyotaka kutoka inarudi nyuma, na volti zinapanda palepale kwenye amplifaya. Mbali na mnara ni mbaya zaidi: simu ya 2G inasukuma mpaka wati 2. Basi simu iliyoanguka, ionyeshe fundi mapema, na usiipigie ikiwa kwenye chaja.

Yule mtunza-sanduku aliazima simu ya fundi, akampigia mnunuzi. Alikuwa amekwisha kupakia maharagwe ya watu wengine.